Shangazi Koma na Ankara za Mvuke

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na mataulo ya hoteli, na jina alilopewa huko lilikuwa Koma. Walimwita hivyo kwa sababu alirudisha karatasi hata kwa koma moja iliyokaa vibaya kwenye tarakimu. Tena mtu aliyemwona akikata kona na faili kwapani aliwaambia wenzake, "Koma huyo," na usingejua anamtaja mgeni au anawaonya wenzake waache wanachofanya. Mwenyewe alisema jina linamfaa kwa maana zote mbili.

Alianza kazi chini, kwenye meza ya kukunja mashuka, akiwa msichana. Karani wa ofisini alipokwenda kujifungua na asirudi tena, mama mwenye kiwanda alitazama nani mle ndani anaandika mwandiko unaosomeka, akampandisha shangazi juu. Hakushuka tena. Hakuolewa pia. Aliishi nasi, kwenye chumba cha uani chenye kitanda, cherehani na kabati la nguo ambalo sisi watoto tulikatazwa hata kuliegemea.

Kazi yake nilikuja kuielewa nikiwa mkubwa kidogo, siku moja tunachambua maharage barazani. Nilimuuliza kwa nini kila siku anahangaika na watu kuhusu ankara.

"Sikiliza," akasema. "Sisi tukimfulia mtu, tunamtoza kodi ya huduma, tunaipeleka serikalini. Sawa?"

"Sawa."

"Lakini na sisi tunahudumiwa. Kuna walinzi, kuna magari ya kubeba nguo, kuna fundi wa mashine. Wote hao wakitudai, wanatudai na kodi juu yake. Sasa sheria inasema, ile kodi tuliyokwisha kuwalipa hao tunaweza kuikata kwenye ile tunayotakiwa kupeleka. Mradi tuwe na karatasi."

"Karatasi gani?"

Hapo alisahau maharage kabisa. Karatasi yenyewe lazima iandikwe kwamba ni ankara ya kodi. Iwe na jina la aliyetoa huduma na namba yake ya mlipakodi. Iwe na jina la kiwanda kama lilivyosajiliwa, wala si lile la mtaani, na namba ya kiwanda. Iwe na tarehe, na namba yake yenyewe inayofuata ile iliyotangulia. Iseme huduma ni ipi hasa, maana "kazi mbalimbali" haimwambii mtu kitu. Bei ikae peke yake na kodi ikae peke yake. Na nyuma yake kuwe na ushahidi kwamba kweli kiwanda kimelipa.

"Na kikikosekana kimoja?"

"Basi kodi hiyo tumeitoa sadaka," akasema, akarudi kwenye maharage.

Kwa hiyo alitembea. Mwenye magari alikuwa na tabia ya kuandika hesabu zake nyuma ya kipande chochote cha karatasi kilicho karibu, na shangazi alimfuata hadi nyumbani kwake saa ya chakula, akaketi mlangoni. "Kula tu, baba, mimi sina haraka," alimwambia, na yule bwana akala tonge mbili tatu, akaona aibu, akaenda kuleta kitabu cha ankara. Kampuni ya walinzi nayo iliandika jina la kiwanda kwa namna tofauti kila mwezi, mpaka shangazi akawapelekea jina lenyewe kwa herufi kubwa, akalibandika ukutani juu ya meza ya karani wao. Watu walimwogopa kidogo, lakini hakuna aliyemchukia. Alikuwa haendi kwa mtu bila kuuliza watoto wanaendeleaje, na majibu aliyakumbuka.

Mmoja tu ndiye hakuwahi kumsumbua. Huyo alikuwa fundi wa boila, mzee mmoja mjane, mikono mipana, maneno machache, ambaye kila mtu alimwita Mvuke. Alikuwa na karakana yake ndogo mtaa wa nyuma ya soko, na ndiye aliyetunza lile boila kubwa linalochemsha maji ya kiwanda. Ankara zake zilikuwa safi kama shuka lililopigwa pasi. Kila kitu kilikaa mahali pake, namba zimesimama wima, kodi imetengwa na bei. Shangazi alikuwa akizichukua na kuwaonyesha wengine. "Mtu anashika spana kutwa nzima na bado anaandika hivi. Wewe uliyekaa kwenye kiti unashindwa nini?"

Halafu, mwaka mmoja, ankara za Mvuke zikaanza kuharibika.

Mara ya kwanza ilikuwa kitu kidogo, tarakimu mbili kwenye namba ya mlipakodi zimepishana. Shangazi aliipeleka karakana mwenyewe. Mvuke alifuta kigoda kwa kitambaa, akamkaribisha, akaomba radhi, akaandika nyingine taratibu sana huku ameinamia meza. Ile yenye kosa aliipiga mstari, akaandika "batili" na kuiacha kitabuni kama inavyotakiwa. Wakanywa chai. Mwezi uliofuata kodi ilikuwa imeandikwa kwenye mstari wa tarehe. Uliofuata, tatu imekuwa nane, na jina la kiwanda limekatika katikati kana kwamba mwandishi ameitwa nje.

Kila mara shangazi alikwenda, na kila mara kulikuwa na kigoda na chai.

Ofisini kulikuwa na mshika fedha, mwanamke mcheshi aliyekaa meza moja na shangazi kwa miaka mingi, na yeye hakuchelewa kuona.

"Dada, hivi wewe huoni?" akamwambia. "Yule mzee anakosea makusudi."

"Makusudi ya nini?"

"Uende. Zilipokuwa safi ulikuwa unakwenda?"

"Acha upuuzi wako."

"Mimi nimeacha. Ila mwanamume mzima hakosei kila mwezi bure bure."

Shangazi alinuna siku nzima. Nyumbani alimsimulia mama kisa hicho kama mtu anayesimulia tusi alilotukanwa, akitia chumvi hapa na pale, na mama alikuwa anageukia sufuria ili asionekane anacheka. Lakini mimi niliyelala chumba kimoja na shangazi niliona mambo. Niliona kwamba siku ya kwenda karakana alipiga pasi kilemba. Niliona ametoa kabatini viatu ambavyo kwa kawaida vilitoka kwa harusi na misiba tu. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya kioo akijitazama kwa upande, na aliponiona akaniuliza kama nimemaliza kazi za shule.

Robo ya mwaka ikafika mwisho, na madai ya kodi yalitakiwa kupelekwa. Robo ile kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mvuke, maana alibadilisha mabomba yote ya boila. Ankara yake ikaja na kosa. Ikarudishwa, ikaja na kosa jingine. Mama mwenye kiwanda akaanza kuuliza kila asubuhi, "Vipi, ile imetimia?" na mshika fedha akawa anakohoa kila inapotajwa.

Ilipokuja na kosa tena, shangazi alipandwa na hasira za kweli. Hakugusa kilemba wala viatu. Alichukua faili akatoka kama alivyo.

Mvuke alikuwa anafunga vali fulani mezani. Akasimama, akatafuta kitambaa cha kufutia kigoda.

"Leo sikai," shangazi akasema. "Fundi, mimi na wewe ni watu wazima. Kama una neno la kuniambia, niambie kwa mdomo. Usinitumie neno kwa kuharibu ankara. Hii ni kazi ya watu."

Mzee akabaki na kitambaa mkononi.

"Neno gani?" akauliza.

Alivyouliza, shangazi alituambia baadaye, alijua palepale kwamba hakukuwa na neno lolote. Mtu anayeficha mapenzi haulizi vile. Alitamani sakafu ipasuke. Na alipoinama kuficha uso, akaiona meza: taa ndogo imeshushwa hadi karibu kugusa karatasi, kitabu cha ankara kikiwa wazi, na kwenye kila mstari Mvuke alikuwa amebandika uzi mwembamba ili kidole kipapase wapi pa kuandika.

"Huoni," shangazi akasema.

Mvuke alikaa yeye kwenye kile kigoda.

"Naona mwanga. Naona mtu amesimama. Herufi ndiyo sizioni tena."

"Tangu lini?"

"Imekuja polepole." Akaweka mikono magotini. "Kazi naifanya kwa mikono, dada. Nati naijua kwa kuishika. Boila nalisikia. Karatasi ndiyo haina mlio."

Shangazi aliona aibu na huruma pamoja, na chini yake huzuni ndogo ambayo hakutaka kuitazama. Lakini alikuwa Koma, na akili yake ilikwenda moja kwa moja mahali inapotakiwa kwenda.

"Na geji?"

Mzee akaishika ile vali, akaigeuza mezani.

"Fundi, geji ya boila, ile ya kupima presha ya mvuke, unaisomaje?"

"Namwomba mmoja wa vijana wa zamu anisomee. Namwambia nimesahau miwani."

"Unayo miwani?"

"Sina."

"Kuna wanawake wanakunja mashuka ukuta wa pili kutoka kwenye boila lile. Mimi nilikunja pale. Ankara nitaisubiri hata mwaka mzima. Geji haisubiri."

Mvuke alimwomba asimwambie mama mwenye kiwanda. Nani atampa kazi ya boila mtu asiyeona geji? Atamwaga unga, na ameishi kwa kazi hiyo tangu ujana. Shangazi akamwambia kwamba yeye hatasema. "Utasema wewe. Mimi nitakaa pembeni yako." Akavuta kigoda cha pili, akakifuta mwenyewe, akakaa, na hapakunywewa chai siku ile, lakini aliondoka jua limeshaanza kushuka.

Kesho yake walikwenda pamoja ofisini. Mvuke alivaa shati jeupe, akasema yote bila kujitetea. Mama mwenye kiwanda alibadilika rangi. Hakuwa mtu mbaya, ila aliona mbele yake boila linalopasuka na watu wake chini yake, na alifoka kwa sauti iliyofika kwenye mashine. Halafu akanyamaza, akaita fundi mwingine kutoka mbali aje akague kila kitu. Boila likazimwa, mashuka yakarundikana mpaka mlangoni, na fundi yule mgeni akapita bomba kwa bomba huku Mvuke amekaa kwenye kiti akimsikiliza anavyogonga. Hakukuta nati iliyolegea. Hata hivyo mama mwenye kiwanda alishika neno lake, kwamba Mvuke hatagusa boila mpaka macho yatibiwe, na nadhani hata Mvuke mwenyewe alipumua aliposikia hivyo. Ulikuwa mzigo ameubeba peke yake.

Ikabaki ile ankara. Mshika fedha, ambaye sasa hakuwa anakohoa tena, alitoa wazo.

"Dada, si uiandike wewe? Yeye ataweka sahihi tu. Nani atajua?"

"Ankara ni ya muuzaji. Mnunuzi akijiandikia, hiyo si ankara, hiyo ni kughushi."

"Lakini kazi si imefanyika kweli?"

"Imefanyika. Na karatasi yake itakuja, kweli vilevile."

Akampigia simu afisa wa kodi anayeshughulikia faili la kiwanda, bibi mmoja mwenye sauti ya usingizi, akamuuliza kama dai lililokosa ankara robo hii linaweza kuletwa robo nyingine. Yule bibi akamwambia linaweza, alimradi lisipite ule muda uliowekwa na sheria, na ankara ziwe za mwenye kazi mwenyewe, zile zilizokosewa zibaki kitabuni. Shangazi alikwenda kumweleza mama mwenye kiwanda, naye akakubali shingo upande. Madai yakapelekwa bila kazi ya mabomba.

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hutolewa. Waliona ajabu mtu kukaa hivyo muda wote ule. Shangazi alimpeleka, akamrudisha. Jicho la kwanza likafanyiwa, likabaki na ukungu, likasubiriwa lipone ndipo la pili. Katika kipindi hicho alipita karakana kila akitoka kazini, na hapakuwa na faili kwapani. Alimsomea gazeti. Mvuke alipenda habari za michezo, na shangazi, ambaye hakuwa anajua timu hata moja, akaanza kutusumbua mezani kwa maswali kuhusu kuotea. Baba alimtazama mama, mama akatazama sahani yake.

Bandeji ya mwisho ilipotolewa, shangazi alikuwa amekaa pale pale chumbani kwa daktari. Mvuke alipepesa macho, akamwangalia daktari, akaangalia ukuta, halafu akamwangalia yeye kwa muda mrefu.

"Kumbe ndiyo sura yenyewe," akasema.

"Siku zote ulikuwa unamwona nani?"

"Nilikuwa naona kilemba na sauti."

"Na sasa?"

"Sasa naona pia umechoka. Twende ukapumzike."

Shangazi alituletea maneno hayo nyumbani, akijifanya anayasimulia kwa kulalamika. Umechoka, eti. Mtu wa kwanza kumwona baada ya upofu, anamwambia amechoka.

Wiki hiyo hiyo Mvuke aliandika ankara ya mabomba. Aliileta mkononi. Shangazi aliipitia kwa kidole, mstari hadi mstari, kama anavyopitia za watu wote. Hapakuwa na kitu cha kurudisha. Akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaiweka kwenye faili, na robo iliyofuata dai likapita.

Tangu hapo ankara za Mvuke zikawa zinaletwa na dereva wa gari la nguo, ndani ya bahasha, safi kama zamani. Mvuke alirudi kwenye boila, akiingia kwa mlango wa nyuma alfajiri na kuondoka kabla ya ofisi kufunguliwa. Shangazi hakuwa na sababu ya kwenda mtaa wa nyuma ya soko. Na hakwenda. Alikuwa mwanamke wa kwenda mahali kwa sababu.

Nyumbani akawa mkali. Chumvi ilizidi, chumvi ilipungua, mlango ulifungwa kwa kishindo, nani ameliegemea kabati lake. Viatu vilirudi kabatini. Mshika fedha alijaribu utani mmoja tu, akaona jinsi alivyotazamwa, akauacha. Baba alisema tumwache, atajikaza kisabuni kama kawaida yake, lakini usiku nilimsikia anajigeuza kitandani, na hakuwa mtu wa kujigeuza.

Jumapili moja mchana tulikuwa tumekaa sebuleni mlango ukabishwa. Mvuke alikuwa amevaa lile shati jeupe na miwani myembamba ya kusomea, ambayo alikuwa ameisahau usoni. Alimsalimu baba kwa heshima nyingi, akakaa, akamaliza maji aliyopewa.

"Nimekuja kwa ajili ya dada yako," akamwambia baba. "Ningependa kujua kama kuna kizuizi."

Baba, ambaye maisha yake yote alikuwa mdogo mtu na aliyazoea hivyo, akasema, "Mimi nimzuie yule? Muulize mwenyewe. Yuko nyuma ya pazia hapo, anasikiliza."

Shangazi akatoka. Alikuwa na unga mikononi.

"Siku ile uliniuliza kama nina neno," Mvuke akamwambia. "Nilikuwa sina. Nisingekudanganya. Nilikuwa na woga tu wa kugundulika. Lakini ulipoondoka nilikaa nikafikiri, huyu mama amepata wapi wazo hilo? Nikalifikiria mpaka likawa langu."

Sisi wote tulitazama chini.

"Kwa nini hukusema mapema?" shangazi akauliza. "Miezi yote hii unatuma dereva."

"Nilitaka uone kwamba ankara ziko sawa. Usije ukafikiri natafuta mtu wa kunisomea."

Shangazi akajifuta unga kwenye khanga. Akasema atafikiri. Mvuke akasema vizuri, akasimama, akaaga kila mtu kwa zamu, na alipofika mlangoni shangazi akamwambia avue miwani kabla ya kushuka ngazi, ile si ya kutembelea, ataanguka.

Alifikiri mpaka Jumatano. Tunajua kwa sababu Jumatano jioni alirudi amechelewa, akapika vizuri ajabu, na baada ya chakula akamwambia baba aanze kutafuta mpangaji wa chumba cha uani.

Baba alilia siku ya harusi kuliko bibi harusi. Mshika fedha alicheza mpaka viatu vikamshinda. Na Jumatatu yake shangazi alikwenda kwa mama mwenye kiwanda, akamwambia kwamba tangu sasa hatapokea wala kukagua ankara ya fundi wa boila, kwa kuwa mke hawezi kukagua karatasi za mumewe na watu wakaamini. Kazi hiyo ikahamia kwa mshika fedha, ambaye ni mlegevu, na shangazi aliteseka sana akiona zinapita pembeni ya meza yake bila kuzigusa.

Sasa amestaafu. Mvuke bado hufundisha mafundi wengine siku mbili tatu kwa wiki, na nyumba yao, vyumba viwili juu ya karakana, ina mgogoro mmoja usiokwisha. Mzee ameishi kwenye joto la boila, hawezi kulala wala kukaa mahali dirisha limefungwa. Shangazi anaogopa baridi tangu utotoni, baba ni shahidi. Nilipowatembelea juzi, kipupwe kikiwa kimepamba moto, dirisha lilikuwa wazi pande zote, na shangazi amekaa mezani amevaa sweta juu ya sweta, akinimenyea chungwa. Nilimuuliza kama nifunge.

"La, liache," akasema. "Mbona hakuna baridi."